Daraja la Mto Mara: kiungo cha Tarime na Serengeti na umuhimu wa kulinda hifadhi yake

Kwa miaka mingi, mkazi wa Nyamongo wilayani Tarime aliyetaka kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, aliiona ng'ambo ya Mto Mara kwa macho bila kuwa na njia ya uhakika ya kuifikia, hasa wakati wa masika. Aliyekuwa na gari alilazimika kurudi Tarime mjini, kushuka hadi Daraja la Kirumi katika barabara kuu ya Musoma–Sirari, kisha kuzunguka kupitia Wilaya ya Butiama. Asiyekuwa na gari alitegemea mtumbwi katika mto unaojulikana kwa mamba. Mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara wa mahindi wote walisubiri maji yapungue.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Serikali ya Awamu ya Tano kukamilisha ujenzi wa Daraja la Mto Mara lenye urefu wa mita 94, chini ya usimamizi wa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Daraja hilo liko katika barabara ya mkoa ya Tarime–Mugumu yenye urefu wa takriban kilomita 87. Barabara hiyo inaanzia katika nyanda za juu za Tarime zinazolima kahawa na ndizi, inapita jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara na kushuka hadi mji ulio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Mita 94 si urefu wa kushangaza. Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lina urefu wa takriban kilomita 3. Hata hivyo, ugumu wa kujenga daraja haupimwi kwa urefu wake peke yake. Mto Mara unatoka katika milima ya Mau nchini Kenya, unapita Hifadhi ya Maasai Mara na Serengeti, kisha unaingia katika ardhioevu kubwa kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Takriban asilimia 65 ya bonde lake iko Kenya na asilimia 35 iko Tanzania. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kujaa darajani siku ambayo Tarime na Serengeti hazijapata hata tone la mvua.

Kwa sababu hiyo, mhandisi hapimi mto kwa jinsi alivyoukuta siku ya ukaguzi. Hutazama kumbukumbu za mafuriko, alama za maji kwenye kingo na maelezo ya wenyeji, ndipo aamue kimo cha daraja. Boriti zikiwa chini mno, magogo yanayoletwa na mafuriko huzigonga au kuziba nafasi ya maji kupita. Misingi nayo hushushwa hadi kwenye udongo mgumu au mwamba, kwa kuwa maji yaendayo kasi huchimba mchanga unaozunguka nguzo. Madaraja mengi duniani huanguka kwa sababu hiyo, kuliko kwa uzito wa magari.

Swali ambalo wananchi huuliza mara kwa mara ni kwa nini daraja lisijengwe pana tangu mwanzo, kuliko kusubiri magari yaongezeke. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni gharama: kila mita ya upana huongeza zege, nondo na ukubwa wa misingi, na fedha hizo zingeweza kujenga daraja jingine katika kata isiyo na hata moja. Lakini uamuzi wa kubana upana nao una bei yake, na hulipwa baadaye.

Mifano ipo nchini. Daraja la Selander jijini Dar es Salaam lilijengwa mwaka 1929, na baadaye likapanuliwa kuwa la njia nne. Katika Mto Wami hali ilikuwa tofauti. Daraja la zamani, lililojengwa mwaka 1959, lilikuwa na urefu unaokaribia ule wa Daraja la Mto Mara, lakini lilikuwa la njia moja na lilikaa chini ya miteremko mikali iliyosababisha ajali. Kulipanua kungeacha miteremko hiyo kama ilivyo. Serikali ikajenga daraja jipya pembeni, lenye urefu wa mita 513.5, ambalo lilianza kutumika mwaka 2022. Upanuzi, kwa hiyo, huhitaji misingi mipya kando ya ile ya zamani, na misingi huhitaji ardhi.

Hapo ndipo suala hili linapomgusa moja kwa moja mwananchi mwenye nyumba, kibanda au shamba kando ya barabara ya Tarime–Mugumu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za awali yumo katika hifadhi ya barabara, na jengo lake huwekwa alama ya X nyekundu, hana fidia. Aliyekuwa akimiliki eneo kihalali ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa, kabla ya sheria hiyo, huwekewa alama ya X ya kijani na ana haki ya kulipwa eneo lake linapohitajika. Aliyejenga humo baada ya sheria kuanza kutumika hawezi kudai fidia kwa msingi huo. Ni vyema anayenunua kiwanja karibu na daraja aulize TANROADS kabla ya kulipa, kwa kuwa muuzaji mara nyingi hatamweleza.

Kandokando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kilimo cha ukingoni hulegeza udongo, na uchimbaji wa mchanga karibu na daraja hufanya kazi ileile inayofanywa na mafuriko: hufukua nguzo. Tofauti ni kwamba mafuriko huja kwa msimu, ilhali koleo hufanya kazi mwaka mzima.

Kwa wasafirishaji, Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, kulingana na idadi ya ekseli. Lori lenye ekseli chache haliruhusiwi kufikia uzito huo, hata kama mizani iliyo karibu iko mbali na daraja.