Kushika, Kufumbata na Kung'ang'ania

Anayedhani kwamba kushika, kukamata, kufumbata, kubana na kung'ang'ania ni maneno ya maana moja, yaliyowekwa ili msemaji achukue lolote litakalotangulia ulimini, na ateremke pwani wakati wa bamvua, maji yakishatoka, awatazame wavuvi wa pweza. Mvuvi ameshika mkuki. Pweza, akishachomwa, hung'ang'ania jabali kwa minyiri yake minane, asikubali kutoka. Kaa aliyejificha ubavuni mwa jiwe humbana mtu kidole kwa gando. Mtoto aliyefuatana na mamake amefumbata kauri asiyotaka ionekane. Na changu aliyesalia dimbwini hana budi kukamatwa, maana anakimbia.

Tafauti, basi, aghalabu haimo katika kiasi cha nguvu, bali imo katika hali ya kile kinachoshikwa na kiungo kinachokishika. Kukamata kwataka kitu kinachoweza kuponyoka. Kubana kwataka pande mbili zinazokutana, ziwe meno ya koleo au mlango na kizingiti chake. Kukaba kwaelekea kooni, na ndiyo sababu dhiki ikizidi husemwa imemkaba mtu. Kupakata ni kwa mapaja, na kukumbatia ni kwa mikono miwili na kifua.

Wanasarufi wamekwisha kutambua kiambishi -ta, chenye maana ya kugusana kwa nguvu, katika baadhi ya vitenzi hivi: aliyefumba mkono ameufunga tu, lakini aliyefumbata ameufunga juu ya kitu, nacho kimo ndani.

Penye uzito zaidi ni baina ya kushikilia na kung'ang'ania, kwani hapo lugha haipimi mkono tena, yapima haki. Mzee akiambiwa ameshikilia neno lake, amesifiwa uthabiti; akiambiwa ameling'ang'ania, amelaumiwa ukaidi, ilhali neno ni lile lile na mzee ni yule yule. Mwenye kung'ang'ania kitu huhisiwa kuwa amekwisha kutakiwa akiache, naye hataki. Kwa hiyo kiongozi ambaye muda wake umekwisha, naye hatoki, husemwa ameng'ang'ania madaraka, na msikilizaji hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kwa sababu hiyo nasikitika kuona kushikilia kukitwishwa kila mzigo: huyu anashikilia wadhifa, yule anashikilia rekodi, na mtuhumiwa naye anashikiliwa na polisi. Hilo la polisi lina hoja yake, maana amekwisha kukamatwa na sasa hapewi nafasi ya kwenda zake. Lakini mwenye wadhifa ana wadhifa, na Kiswahili hakikupungukiwa na neno la kulisema hilo. Kama waandishi wataka neno la kuongeza, na walichukue gwia, neno la kale la pwani lenye maana ya kukamata, ambalo vijana wengi hawajapata kulisikia.