Simamisha Kabla ya Goli

Aprili 5, 2024, jijini Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba, likadunda kwenye eneo la mstari, na VAR haikulihesabu kuwa goli. Mamelodi Sundowns wakasonga mbele katika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa penalti 3-2. Klipu ile ilizunguka Tanzania nzima, na karibu kila aliyeitazama aliisimamisha pale mpira ulipodunda. Kwa anayetaka kujifunza kandanda, pale hapana somo kubwa. Rudi sekunde kumi nyuma uulize: nafasi ya kupiga ilipatikanaje?

Swali hilo hatuwezi kulijibu kwa kumbukumbu peke yake. Mwaka 1986 watafiti Ian Franks na Gary Miller walionyesha kuwa makocha wanaoanza, baada ya kutazama mechi, walikumbuka kwa usahihi chini ya nusu ya matukio muhimu. Macho hufuata mpira, na mengi yanayotendeka mbali nao hayaonekani. Ndiyo maana ni vizuri kutazama kwa pamoja: aliyewahi kudaka ataangalia alikosimama kipa, beki ataangalia mgongo ulioachwa wazi.

Lakini marudio yana mtego. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alieleza mwaka 1975 kwamba mtu akishajua matokeo, huamini angeyatabiri. Kijiweni tunausikia kila siku: "Mimi nilijua tu!" Anayesema hivyo hajajifunza kitu, kwa kuwa hakulazimika kuamua.

Hapa simu ina faida kubwa kuliko televisheni ya kibandani: inaweza kusimamisha tukio kabla ya matokeo, na kuwafikia walio mbali. Mkoa wa Katavi, kwa mfano, ni mpana. Mwalimu wa michezo wa Mpanda mjini hawezi kukutana kila wiki na wenzake wa Inyonga, Karema na Mishamo. Wanaweza kuwa na kundi moja la WhatsApp. Mmoja arekodi mechi ya shule yake, simu ikiwa imeinuliwa juu ili uwanja uonekane kwa upana, kisha akate tukio moja vipande viwili. Cha kwanza kiishie kabla ya pasi ya mwisho. Kila mtu atume ujumbe wa sauti: angempa nani mpira, na kwa nini? Majibu yote yakishaingia, ndipo kipande cha pili kitumwe. Sekunde 30 hazimalizi bando la mtu, na kwa maoni yangu zinafundisha kuliko dakika 90 zilizotazamwa kwa kelele.

Sharti langu moja ni gumu: mtoto aliyekosea asichekwe, na klipu yake isitoke nje ya kundi.

Walimu wa Katavi, msingoje kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndipo mkutane. Anzeni na klipu moja wiki hii.