Punda Wako na Maji ya Baridi

Mkulima wa Kinangop, Ol Kalou au Ol Joro Orok hana haja ya kuambiwa baridi ni nini. Mashamba hayo, ambayo mengi yaligawiwa wakulima kuanzia mwaka 1962, yako zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na asubuhi nyingine mtu huamka akakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu na maji ya birika yamefunikwa na barafu nyembamba kama kioo. Ng'ombe wa maziwa hustahimili hali hiyo vizuri. Punda anayepeleka maziwa hayo barabarani hastahimili hivyo, na wakulima wengi hawajui tofauti hii.

Sababu yake ni asili. Punda wetu ametokana na punda-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu yenye joto upande wa kaskazini-mashariki ya bara hili. Mtazame farasi mdogo wa visiwa vya Shetland, kule kaskazini mwa Uskoti: hakui sana kuliko punda, lakini wakati wa baridi huota manyoya mazito ya tabaka mbili, na mvua huteleza juu yake bila kufika kwenye ngozi. Manyoya ya punda hayana kinga hiyo. Mvua ikinyesha huyanyonya maji mpaka ngozini, na joto la mwili hutoka pamoja na maji hayo.

Kwa hiyo fahamu kwamba kuna baridi za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya usiku mweupe wa kiangazi, mwezi wa Januari kwa mfano, mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia. Hiyo ndiyo huleta sakitu. Punda mkavu mwenye chakula tumboni huivumilia. Ya pili ni ya miezi ya Juni, Julai na Agosti: ukungu, manyunyu na upepo. Hapo kipimajoto hakishuki sana, wala hakuna barafu, lakini ndiyo inayoua, kwa sababu punda analowa kutwa na kulala akiwa amelowa.

Dawa ya kwanza basi ni paa. Banda la mita 3 kwa mita 3 latosha punda wawili. Lijenge mtelemkoni, si bondeni, kwa kuwa hewa baridi hushuka usiku kama maji na kujikusanya mahali pa chini. Ziba upande upepo unakotoka, na upande mwingine uache wazi. Mwaga murramu au kokoto chini ili kwato zisikae matopeni, maana kwato zikilowa siku nyingi huoza katikati na kutoa harufu mbaya. Usiwashe jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake usioonekana utamwua punda, na wewe pamoja naye.

Dawa ya pili ni majani makavu. Chakula kigumu, kama vile mabua ya ngano au ya mahindi na majani makavu, huchachuka polepole katika utumbo wa nyuma wa punda, na kazi hiyo hutoa joto. Mpe fungu kubwa jioni, ndipo joto hilo limfae usiku. Nafaka nyingi haimpi joto la namna hiyo, nayo yaweza kumharibu miguu. Na kuhusu miguu: usimfungulie malishoni asubuhi ya sakitu kabla haijayeyuka. Mchana jua hutengeneza sukari ndani ya jani. Usiku wa baridi kali jani haliwezi kukua, kwa hiyo sukari yote hubaki humo. Punda mnene akiila kwa wingi aweza kupata ugonjwa wa kwato kuwaka moto kwa ndani, akashindwa kusimama.

Sasa maji, ambayo ndiyo mengi hupotea hapo. Punda mmoja anahitaji kiasi cha lita 10 mpaka 25 kwa siku kulingana na kazi na chakula. Maji yakiwa baridi sana hunywa kidogo tu na kuondoka, na mwenyewe hudhani ameshiba. Naye ndiye yule yule aliyelishwa mabua makavu usiku. Chakula kikavu bila maji ya kutosha hukauka na kuziba utumbo, kisha punda husimama kimya, hali, mavi hayatoki. Vunja barafu asubuhi na kuitoa kabisa birikani. Kama una kisima, chota maji mapya, kwa sababu maji yatokayo ardhini huwa na joto kuliko yaliyolala nje. Kama huna, ongeza sufuria moja ya maji moto kwenye ndoo. Safisha ndoo pia. Punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu. Wengine husema punda mwenye jasho asinyweshwe maji ya baridi. Mpe anywe. Kinachomdhuru ni kuachwa upeponi na jasho lake baada ya kazi, kwa hiyo mkaushe kwa gunia kavu kabla hujakwenda zako. Gunia lililolowa usimwachie mgongoni usiku, maana litamnyonya joto badala ya kumpa.

Hatari kubwa kuliko zote ni lambo na mto. Kingo za malambo huwa telezi, na punda aliyezoea kunywea hapo huingia mbele kidogo kila siku mpaka miguu inazama katika tope. Maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa mara nyingi sana. Weka ua kuzunguka lambo, na maji uyatolee nje kwa ndoo au mfereji. Mto ukifurika, usimvushe punda akiwa na mkokoteni au mzigo. Akianguka, matandiko humzuia kuinua kichwa.

Punda akinasa, asiingie mtu majini peke yake. Mtie hatamu, na mmoja aliye ukingoni ashike kazi ya kuinua kichwa chake tu, puani pasiingie maji. Kamwe msimvute kwa shingo, mkia au mguu. Pitisheni mkanda mpana, hata wa magunia yaliyoshonwa, chini ya kifua nyuma ya miguu ya mbele, ncha zake zitokee juu ya mabega, na mwingine nyuma ya mapaja, kisha mvute polepole kwa pamoja. Akitoka, mpelekeni mahali pasipo upepo, msugueni kwa magunia makavu mpaka manyoya yasimame, na mpeni maji ya vuguvugu na majani makavu. Mwili wa punda mzima ukipimwa nyuma huwa na joto kama digrii 37. Likiwa chini ya 36, au akiacha kutetemeka na masikio bado ni baridi, mwiteni daktari wa mifugo mara moja.

Mwite pia ikiwa punda amekataa chakula siku nzima, hata kama haonyeshi maumivu. Punda huficha maumivu, na asipokula mwili wake huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga katika damu kupita kiasi, mpaka ini lishindwe kazi. Ugonjwa huo huwapata zaidi walio wanene na majike wenye mimba, na ukishika sana wachache hupona.

Kununua punda mwingine si jambo jepesi kama zamani. Hesabu ya mwaka 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya, na ile ya mwaka 2019 ilipata kama milioni 1.2. Katikati ya hesabu hizo yalifunguliwa machinjio ya punda, ya kwanza mwaka 2016, ambayo ngozi zake ziliuzwa Uchina. Mkulima aliyepoteza punda wake Julai huenda akabeba madebe ya maziwa mgongoni mpaka mavuno.