Tuulize Kabla ya Kushika Fimbo

Wazazi wa Manyovu, pengine mtoto asiyeweza kusema vema hujiuma mkono kila apelekwapo shamba la maharage. Twasema upesi ni ukaidi, na fimbo huinuliwa. Mwaka 1988 Durand na Crimmins, wataalamu wa Marekani, walitoa maswali 16 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Amjuaye mtoto hujibu kwa alama, tangu 0 hata 6. Hivyo hutafutwa sababu: kukwepa kazi, kutaka kuangaliwa, kutaka kitu, au kupendezwa na tendo lenyewe. Akwepaye kazi, ukimfukuza shambani umempa alilotaka! Afadhali afunzwe ishara ya kuomba kupumzika. Wala jibu la mama pekee lisitutoshe. Na aulizwe bibi, aonaye mengi. Kisha tumwangalie wenyewe siku kadhaa, tujue aanza lini, na nini hufuata.