Picha nzuri, na usalama wa aliyepigwa

Picha nyingi zinazotufikia kutoka kwa kamati za amani zinafanana: watu thelathini wamesimama mbali, nyuso ni giza, bango la kitambaa ndilo linaloonekana. Msomaji hajui nani alisema nini. Mara nyingi shida ni mwanga na umbali tu.

Huku kwetu Kivu tuko karibu na Ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa na macho ya watu yanaingia kivulini, hasa wenye kofia. Afadhali asubuhi kabla ya saa tatu, au baada ya saa kumi. Mkutano ukiwa mchana, mwombeni mtu asogee kwenye kivuli cha nyumba au cha mwembe, akitazama upande wenye mwanga. Asiwe mbele ya dirisha, turubai nyeupe au maji ya ziwa, kwani kamera itapima mwanga ule wa nyuma na kuutia uso giza. Mkitumia simu, guseni uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga. Flashi ndogo haifiki mbali, mita tatu au nne basi.

Kisha sogeeni kwa miguu. Mama aliyeshika mikrofoni anaeleza mkutano kuliko safu ya viongozi. (Safu ya viongozi pigeni pia, la sivyo wataiulizia.)

Lakini uso ukionekana vizuri, hata adui wake anautambua. Kwa mama aliyebakwa, shahidi, au kijana aliyetoka katika kikundi cha silaha, kuomba ruhusa mbele ya mwami na wageni si kuomba: atakataaje? Muulizeni faraghani, mkimweleza picha itafika wapi. Mtoto wa namna hiyo uso wake usionekane kabisa, hata wazazi wakikubali. Pigeni mikono au mgongo. Uso uliotiwa giza na dirisha hautoshi, kompyuta yaweza kuung'arisha. Angalieni pia kitenge chake, mlango wake, kibao cha shule, jirani atavijua.

Tena, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya GPS. Zimeni jambo hilo katika mipangilio ya kamera kabla ya kuondoka ofisini.

Na mtu akibadili nia kesho yake, tuambieni upesi tuiondoe picha kabla ya kuchapisha.