Nyungunyungu: Chakula cha Samaki wa Tangini, Lakini Si cha Wote

Magara, kando ya Ziwa Tanganyika katika njia itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hutajwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo katika Ulaya na Marekani, kwani samaki wa miamba huuzwa pamoja na jina la mahali walikovuliwa. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kuwasafirisha kutoka Burundi mwaka 1971. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, amepewa jina lake.

Aliye na tangi la kioo nyumbani, hata katika chumba kidogo cha kambini, aweza kujifugia chakula chao. Chukua sanduku la mbao, litoboe matundu chini, kisha ulijaze majani yaliyooza na samadi iliyokwisha kupoa. Tia nyungunyungu waliochimbwa mahali pasiponyunyiziwa dawa ya wadudu. Liweke kivulini, na miguu ya meza yake isimame ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Wape maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Usitie chumvi, mafuta wala ndimu. Udongo uwe na unyevu, usitote. Baada ya miezi mitatu hivi watakuwa wameongezeka.

Kabla ya kuwalisha samaki, waweke nyungunyungu siku moja katika kitambaa safi chenye unyevu ili matumbo yao yasafike. Waoshe, uwakate vipande vinavyoingia kinywani mwa samaki, na utoe kiasi kitakachokwisha kwa dakika chache. Mabaki yaondolewe, maana huharibu maji. Mara mbili kwa wiki yatosha. Minyoo ya mitaro michafu usiitumie kamwe, huleta maradhi.

Lakini angalia: Neolamprologus brichardi hula viumbe vidogo, hivyo chakula hiki chamfaa. Jirani yake, Tropheus, hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa chakula cha majani. Akilishwa nyungunyungu aweza kufura tumbo, akaacha kula na kufa, na maradhi hayo mara nyingi huwamaliza wenzake pia.

Basi, mzazi, kabla ya kumwachia mtoto kazi ya kulisha, mfundishe kwanza kumtambua kila samaki aliyemo tangini.