Kurejea kwa Ukurasa wa Kuingia katika Linux: Chanzo na Utatuzi

Hitilafu inayojadiliwa hapa hutokea pale mtumiaji anapoandika nywila sahihi, skrini ikawa nyeusi kwa muda mfupi, kisha ukurasa wa kuingia ukarejea. Baadhi ya watumiaji hudhani kuwa mfumo endeshi umeharibika, wakausimika upya na kupoteza data za utafiti. Hata hivyo, kurejea huko bila ujumbe wa kukataa nywila huashiria kuwa nywila imekubaliwa, ila mazingira ya michoro yameshindwa kuanza.

Ili kuthibitisha, mtumiaji abonyeze Ctrl+Alt+F3 na kuingia kwa njia ya maandishi. Akifanikiwa, achunguze mambo mawili. Kwanza, amri ya `df -h` huonesha iwapo diski imejaa. Ikiwa imejaa, afute faili zisizohitajika. Pili, katika mazingira ya X11, amri ya `ls -l ~/.Xauthority` huonesha mmiliki wa faili inayohifadhi idhini ya kutumia skrini. Programu ya michoro iliyowahi kufunguliwa kwa `sudo` huweza kuihamishia faili hiyo kwa mtumiaji mkuu, `root`. Umiliki hurejeshwa kwa amri ya `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`.

Kwa hiyo, uchunguzi utangulie usimikaji.